Uzi Mwekundu Ndani ya Besi

Harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na nta ya mshumaa iliyoyeyushwa: hiyo ndiyo harufu ya hasira yangu. Watu wengine wakinusa mafuta ya cherehani hukumbuka nguo za sikukuu na mama zao wakiimba. Mimi hutamani kuvunja kitu. Sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu, magoti yananiuma, na daktari ameniambia nipunguze chumvi na nipunguze hasira. Chumvi nimepunguza. Tulikaa Kisangani, katika komini, yaani mtaa, wa Tshopo, upande wa bwawa, ambako mngurumo wa maporomoko ya mto ulisikika kutwa nzima hata ukausahau, kama unavyosahau kwamba unapumua. Kwenye baraza ya nyumba yetu ilikaa cherehani ya mama, cherehani nyeusi ya kuzungushwa kwa mkono, na mbele yake alikaa mama mwenyewe na sindano mbili tatu zikiwa zimeshikwa midomoni. Baba alikuwa karani kwenye meli ya mtoni. Alipita nyumbani siku chache, akaacha samaki na hadithi, akaondoka tena. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya mama, na mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, Zuhura, mwenye kazi ya kuzungusha mkono wa cherehani wakati yeye akiongoza kitambaa.

Chumba cha nyuma alikaa Tonton Asumani, mjomba wangu, mdogo wake mama, tumbo moja. Nisimnyime haki yake, ingawa ningependa sana kumnyima: alikuwa na vidole vya ajabu. Alikuwa mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito, katika bendi ya mtaani kwetu. Kabla ya uhuru bendi ile ilitumia besi kubwa ya mbao ya kusimamishwa, iliyobebwa na watu wawili kutoka baa hadi baa kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Uhuru ulipokuja, mji ambao Wazungu walikuwa wakiuita kwa jina la Mzungu mwenzao, nasi tukiuita Kisangani, ulianza kumwagika vitu. Wenye maduka waliondoka kwa haraka, wakauza walichoweza kuuza na kuacha walichoshindwa kubeba. Ndipo Tonton aliporudi mtaani siku moja mchana akiwa amekumbatia besi ya umeme. Ilikuwa kitu rahisi kabisa, cha bei ya kutupa, mwili wake wa mbao za kubandikwa uliopakwa rangi ya kahawa, nyuzi nne nene, na chini ya nyuzi kisanduku cheusi kilichofunikwa kwa kibao cha bati. Aliichomeka kwenye redio kubwa ya bendi. Wenzake wakangoja. Ikatoa sauti ya mbu aliyefungiwa ndani ya kopo.

Bendi nzima ilimcheka. Mpiga tumba, ile ngoma ndefu ya bendi, alimuuliza kama ameleta besi au ameleta homa ya malaria. Tonton alikasirika, akaja nayo nyumbani, akaifungua kwa bisibisi kwenye baraza yetu na kuiangalia kama mtu anayeangalia ndani ya shimo. Mama aliacha kushona, akasogea. Ndani ya kile kisanduku mlikuwa na kipande cha sumaku dhaifu na waya mwembamba uliozungushwa ovyo, nusu yake ikiwa imekatika. Tonton akaeleza, kwa fahari ya mtu aliyesikia jambo barabarani, kwamba hapo ndipo gitaa linaposikilizia nyuzi zake. Mama akasema basi hilo ni sikio, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu kisanduku kile kikaitwa sikio.

“Asumani, hii kitu iko na uzi tu ndani,” mama alisema. “Uzi ninajua.”

“Yaya,” alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, “hii iko mambo ya courant, ya umeme. Haiko ya kushona.”

“Bon. Na hiyo courant inapita wapi? Haipite ku uzi?”

Mama hakungoja jibu. Alichukua vigurudumu vinne vya mbao, vile vidogo ambavyo uzi wa dukani huja umezungushiwa, akavikata kwa msumeno mpaka vikawa vifupi kama kifungo cha koti. Katikati ya kila kimoja alipitisha msumari, na chini ya misumari hiyo akaweka vipande vya sumaku alivyovitoa kwenye spika iliyopasuka. Waya tuliupata ndani ya redio moja iliyokufa, waya wa shaba mwembamba kama unywele, tukaufungua pole pole siku nzima bila kuukata, mimi nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili na waya ukizunguka viganja vyangu. Kisha mama akachomeka kigurudumu cha kwanza kwenye kile kijiti cha pembeni cha cherehani, kile ambacho mafundi hujazia uzi wa chini. Akashika waya kwa ncha za vidole viwili na kuniambia nizungushe. Nizungushe taratibu, nisisimame, na nihesabu. Ili nisipotee katika hesabu alinipa tasbihi yake. Kila nikizungusha mara kumi, ushanga mmoja. Tasbihi nzima ikiisha, kigurudumu kimoja kimejaa.

Bibi yetu wa jirani aliona tasbihi ikihesabu mambo ya gitaa akashika kichwa, akasema tutaungua. Mama alimjibu kwamba Mungu anasikia pia nyimbo zisizo zake. Mchana mzima wa siku nne tulifanya kazi ile, kigurudumu kimoja kwa siku, kwa sababu asubuhi palikuwa na nguo za watu za kushona. Naukumbuka ule mlio wa cherehani ikizunguka bila kitambaa, mlio mwepesi, mtupu, na macho ya mama yasiyopepesa, na vidole vyake vikienda kushoto na kulia, kushoto na kulia, akiupanga waya safu juu ya safu kama anavyopanga nguo sandukuni. Waya ukikatika, alitoa sauti ndogo tu kooni, akaufunga na kuendelea. Kila kigurudumu kilipojaa alikizungushia uzi wake mwekundu, uzi uleule aliotumia kufungia mapindo ya sare za shule, ili waya usilegee. Mwisho alivichovya vyote vinne ndani ya nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kwenye sufuria ndogo. Alisema kitu kisichotulia kitapiga kelele, na nta itakituliza. Hakufundishwa na mtu. Alifikiri tu, akiwa na sindano midomoni.

Tukaichomeka kwenye redio kubwa ya bendi, ambayo Tonton alikuwa ameileta nyumbani. Mimi ndiye niliyepiga noti ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu, naye Tonton alikuwa na mikono iliyojaa wali. Niliuvuta uzi mnene kuliko zote kwa kidole gumba. Lo! Vikombe vilicheza kabatini. Kuku waliruka uani. Sauti ile haikuingia masikioni, iliingia kifuani na kukaa. Tonton aliacha wali, akaninyang'anya besi, akapiga mpaka jasho likamtoka, akicheka na kulia kwa pamoja, na mama akasimama mlangoni akiwa amefunga mikono, akitikisa kichwa kwa mapigo. Sikumwona mama akiwa na uso ule tena. Kila alasiri baada ya shule nilikuwa nakaa na besi ile kwenye baraza kabla Tonton hajaipeleka kazini, kwa kisingizio cha kuijaribu. Tulibadilisha mengi: tuliuziba mwili wake kwa kipande kizito cha mbao ya lifaki, mti mgumu wa msitu wetu, ili isiyumbe, tulichonga daraja jipya la kuinulia nyuzi, mama akashona mkanda wa bega kwa kitambaa cha suruali. Nilijua nyimbo zote za bendi kwa upande wa chini, ule upande ambao watu huucheza bila kujua kwamba wanausikia.

Siku ya kwanza Tonton alipoipeleka kwenye baa, mama nami tulisimama nje. Mwanamke wa nyumba kama yetu haingii baa, na mama hakutaka maneno. Ilikuwa Jumapili alasiri, jua bado kali. Mama aliweka kiganja chake cha kulia ukutani, akakiacha pale, na kila Tonton alipopiga noti ya chini niliona vidole vya mama vikitetemeka pamoja na ukuta. Watu walitoka wakiuliza ni besi gani hiyo. Wanamuziki wa bendi ya upande wa pili wa mji walikuja mbio kuiona. Nikamsikia, kwa masikio yangu haya haya, mpiga tumba akimuuliza Tonton nani amemtengenezea. Naye akajibu huku mama yuko hatua kumi kutoka pale:

“Nani mwingine? Mimi mwenyewe, na hii mikono.”

Nilimtazama mama. Aliondoa kiganja ukutani, akakifuta kwenye kanga, akasema twende, chakula kitaungua. Hapakuwa na chakula motoni. Wiki iliyofuata Tonton alichoma msumari kwenye mkaa na kuandika jina lake juu ya mwili wa besi, herufi kubwa: ASUMANI. Nilimwambia mama amwambie aandike na jina lake. Mama alinijibu kwamba jina halipigi muziki. Nilikuwa mtoto, nikadhani huo ni wema. Leo nadhani ulikuwa uchovu, na nauchukia uchovu ule, na namchukia kila mtu aliyemfanya aubebe kama ni tabia njema.

Kisha wakaja wapiganaji. Uasi ulifika kwetu mchana, kwa miguu, vijana wenye matawi kichwani na vipande vya ngozi mikononi, wengine wadogo kuliko mimi kwa umri, na askari wa serikali wakakimbia wakiacha viatu. Meli zilisimama. Baba alikuwa ameshuka mto na meli yake, akakwama Basoko, na tulilijua hilo kwa sababu tu redio yetu ndogo ilitaja meli zilizozuiliwa pale. Kila siku mama aliiwasha redio ile saa ya habari, akaisikiliza akiwa amesimama. Wapiganaji walikuwa na dawa yao: maji waliyonyunyiziwa na mganga wao, maji yaliyogeuza risasi kuwa maji. Na dawa ilikuwa na masharti yake, kuu kati ya hayo likiwa hili, kwamba mpiganaji asiguswe na mwanamke, wala silaha yake isiguswe na mwanamke. Mwanamke akigusa, dawa inakufa.

Mkuu wao alipenda muziki. Aliichukua bendi ya Tonton yote, akaiweka kwenye nyumba ya Mzungu iliyoachwa kando ya mto, wapige kila mchana vijana wanapotoka kwenda vitani na kila wanaporudi. Na kwa kuwa vijana walisema besi ndiyo inayowatia moyo, mganga aliamua kwamba besi nayo ni silaha. Aliinyunyizia dawa. Hakuinyunyizia mara moja, aliinyunyizia kila asubuhi, kwa ufagio wa majani uliolowa, juu ya nyuzi, juu ya mwili, juu ya lile sikio. Akatangaza kwamba tangu leo mwanamke asiiguse, asiiruke, hata kivuli chake kisiiangukie. Tonton alitusimulia hayo akiwa amekuja kuoga, na mimi nilicheka kwa sauti. Besi ile ilikuwa imejaa mikono ya mama kila pembe. Mama hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: maji hayo yanamwagwa mengi?

Wiki tatu hazikupita, besi ikanyamaza. Ilinyamaza mbele ya vijana waliokuwa wanajipanga kuondoka, katikati ya wimbo, na mganga akasema ni alama mbaya. Mkuu wao hakupiga kelele. Kila mtu mjini alijua kwamba Tonton Asumani ndiye aliyeitengeneza besi ile kwa mikono yake mwenyewe, jina lake lilikuwa limechomwa juu yake, na mkuu alijua kusoma.

“Ni weye uliitengeneza, donc ni weye utaiponesha,” alimwambia. “Kesho saa sita ya muchana ilie. Kama hailie, tutajua ni weye umeroga vita.”

Tonton alijua kufungua kibao tu, zaidi ya hapo hakujua kitu. Alikuja kwetu asubuhi iliyofuata, jua ndiyo kwanza limetoka, besi ikiwa imeviringishwa ndani ya mkeka. Alikaa chini sakafuni mbele ya mama, mwanamume mzima, akasema wataniua, Yaya, wataniua. Mimi nilitaka mama amwulize: na hii mikono yako? Nilitaka amwulize hivyo mara moja tu, kisha ndiyo amsaidie. Mama alimwambia tu, “Leta.” Aliifungua. Ndani mlikuwa na maji. Maji yalikuwa yamepita pembeni mwa kibao, yamekaa juu ya nta siku nyingi, yamepata njia kwenye viungo vya waya, na kigurudumu kimoja kilikuwa kimegeuka kijani na waya wake umeliwa. Dawa yao ndiyo iliyoiua besi yao. Mama alisema, “Wameinywesha mayi kama mbuzi,” akatafuta waya wa kuzungushia upya. Waya haukuwepo. Mjini hapakuwa na duka lililofunguliwa. Aliangalia huku na huku, na macho yake yakasimama kwenye redio yetu ndogo, ile iliyotuletea habari za Basoko.

Aliifungua redio. Alitoa waya wake, na mimi nikazungusha mkono wa cherehani na kuhesabu tasbihi nzima huku Tonton akichungulia njiani kupitia ufa wa dirisha. Kazi ya siku nzima tuliifanya kabla ya saa tano. Uzi mwekundu, nta, kibao, skrubu nne. Hatukuwa na mahali pa kuichomekea kuijaribu, kwa kuwa redio ilikuwa imekufa. Mama aliweka ulimi wake kwenye ncha za waya na betri ya tochi, akahisi mkwaruzo, akasema inapita. Tonton alimshika miguu. Alisema maneno mengi, aliapa kwa kaburi la mama yao kwamba hatasahau. Saa sita mchana nilisimama uani nikisikiliza upande wa mto. Besi ikalia, na tuliisikia kutoka mbali, ikipita katikati ya mngurumo wa maporomoko. Mama aliketi chini. Hakuuliza tena habari za baba kwa kuwa redio ya kumjibu haikuwepo tena.

Hapa ndipo ninapotaka kila anayesoma asome pole pole. Haikupita muda, wale vijana walirudi kutoka vitani wamepigwa vibaya. Maji hayakuwa yamegeuza risasi hata moja. Mganga alipaswa kutoa sababu, na sababu ilikuwa tayari: kuna mtu amevunja sharti. Akawakusanya wote waliokaa kwenye nyumba ile, wapishi, wabebaji, wanamuziki, akasema atawauliza mmoja mmoja. Hakumtaja mtu. Hakuitaja besi. Mpiga tumba, ambaye alikuwepo, alinieleza hayo miaka mingi baadaye, na akaapa. Alisema mganga alikuwa bado anazungumza na wapishi wakati Tonton Asumani alipopiga hatua mbele mwenyewe, kabla ya kuulizwa, akasema besi imeshikwa na mwanamke. Wakamuuliza mwanamke gani. Akasema dada yangu. Mara moja tu katika maisha yake alisema kweli kuhusu nani aliyeitengeneza besi ile, na aliisema siku ambayo kweli ilikuwa na bunduki.

Walikuja saa nne asubuhi. Walikuwa watano, na mmoja alikuwa amesoma shule moja nami, darasa la mbele yangu. Walisimama mbali na mama, wasimguse, wakihofia dawa yao. Tonton walimsimamisha njiani, karibu na ua, akiwa ameikumbatia besi kifuani. Mkubwa wao alimuuliza mama swali rahisi, swali ambalo angeweza kulijibu kwa hapana:

“Mama, ulishika ile besi?”

“Kushika?” mama alisema. Aliondoa sindano midomoni, akazichomeka moja moja kwenye kitambaa. “Niliitengeneza. Ni mimi. Na ni nyinyi muliimwangia mayi mpaka ikakufa. Mayi yenu iliua waya. Sasa munatafuta nani?”

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, kwa sauti ile, mbele ya watu. Miaka yote alikuwa amengoja aulizwe. Aliulizwa, akajibu. Wakamwamuru aweke mkono wa kulia juu ya meza ya cherehani, na kwa kuwa hawakuruhusiwa kumgusa mwanamke, walitumia kitako cha bunduki. Mara tatu. Nilipiga kelele nikamwita Tonton. Nilimwita kwa jina lake, bila heshima, Asumani, Asumani! Alikuwa hatua ishirini. Aliangalia chini, kwenye nyuzi. Walichukua cherehani, wakaibeba wawili, wakaitupa mtoni chini ya bwawa, na wakaondoka na Tonton pamoja na besi yake. Sasa alikuwa shahidi wao mwema, na besi ilinyunyiziwa upya.

Vidole vitatu vya mama havikukunjika tena mpaka alipokufa. Uasi uliisha kama ulivyoanza, kwa kelele na watu wakikimbia, na waliokuja kuufukuza nao walituumiza kwa namna yao. Baba alirudi kutoka Basoko amekonda, akaushika mkono wa mama, akaugeuza, akauliza nani. Nilipomwambia, alichukua panga. Mama alisimama mlangoni na kumzuia kwa ule mkono wake mzima, akasema, iko ndugu yangu. Hayo tu. Nimemkasirikia mama kwa maneno hayo matatu karibu miaka sitini, hata nilipoiosha maiti yake nilikuwa nimemkasirikia. Aliacha kushona. Aliuza samaki wa kukaushwa waliotoka Yanonge, akiwapanga kwenye sinia kwa mkono wa kushoto, na mimi niliacha shule nikawa mkono wake wa kulia: nilifunga vifungo vyake, nilitia uzi kwenye sindano, nilimenya ndizi. Naye Tonton alitoka msituni, walikokimbilia waasi, na besi yake na kuwapigia wakubwa wapya. Baadaye akawa na hadithi. Alisema aliitengeneza besi ile kwa mikono yake, na kwamba siku moja waasi walimwekea bunduki kichwani wakamwambia aiponye kabla ya saa sita mchana, naye akaiponya. Watu waliipenda sana hadithi ile. Mimi nilitoka kila alipoianza, na wakaniita mwanamke mwenye roho mbaya.

Msimu wa kiangazi uliopita Tonton alikufa, mzee sana, kitandani mwake. Nilikwenda matangani kwa sababu ni damu yangu, na kwa sababu nilijua itakuwepo. Ilikuwepo. Walikuwa wameiegemeza kwenye kiti mbele ya watu, imefungwa kitambaa cheupe, na jina lake lile la kuchoma likionekana. Kijana mmoja wa redio alikuwa anarekodi. Wanamuziki vijana walikuwa wamekaa safu ya mbele na besi zao za Kichina, rahisi kama ile ilivyokuwa rahisi, ambazo siku hizi zinauzwa sokoni karibu na sufuria, na mmoja wao alisimama akasema kwamba Papa Asumani ndiye aliyewafundisha kwamba kitu cha bei ndogo kinaweza kufunguliwa na kufanywa kikubwa. Watu wakapiga makofi. Nikaikumbuka harufu ya nta. Nilitoa bisibisi kwenye sakoshi yangu ya begani. Naam, nilikuwa nimeibeba kutoka nyumbani, sitajifanya ilikuwa bahati. Nilikwenda mbele, nikapiga magoti yangu mabovu, nikaanza kufungua kibao.

Mwanawe mkubwa alinikaribia haraka, akainama, akaninong'oneza kwa heshima yote.

“Yaya Zuhura, tafazali. Haiko leo.”

“Basi iko siku gani?” nilimwuliza, na sikunong'ona.

Skrubu nne zilitoka. Vigurudumu vinne vya uzi vilikuwa mahali pake, nta imekuwa ya manjano kama jino la mzee, na uzi mwekundu umefifia lakini bado mwekundu, kila mmoja umefungwa kwa kifundo cha mshonaji, kile cha kurudisha mara mbili. Juu ya kigurudumu kimoja karatasi ya duka bado ilikuwa imeshika. Nikawaambia waje waone. Nikasema mama yangu alikuwa fundi wa cherehani, aliitwa Faida, na hii ndiyo kazi ya mikono yake, na mkono wake mmoja ulivunjwa kwa ajili ya kazi hii kwa kinywa cha mtu mnayemlilia. Kijana wa redio alikuwa amezima mashine yake. Wazee wengine walitazama miguu yao, na mpiga tumba angekuwa hai angesimama, lakini alikuwa ametangulia. Nilidhani nimefanya kazi bure. Ndipo akatoka katika safu ya mbele msichana mwenye besi ya Kichina mgongoni, mpiga besi wa bendi yao, ambaye hakuna aliyemwambia asiingie wala asiguse. Alichuchumaa kando yangu. Aliweka kidole juu ya uzi mwekundu.

“Koko,” aliniita, kama vijana wa hapa wanavyowaita bibi zao, “hapa muliizungusha mara ngapi?”

Miaka sitini watu wamekuwa wakiuliza nani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza vipi, kwa sababu Tonton, aliyekuwa akijibu, hakujua. Nilimwambia: kumi kwa kila ushanga, tasbihi nzima kwa kila kigurudumu, usisimame, na waya ukikatika usilie. Alirudia akihesabu kwa vidole. Sasa mwana wa Tonton amenitumia mtu mara mbili akitaka skrubu zake, wapate kuifunga besi na kuiweka ukutani. Skrubu ninazo, ziko ndani ya kopo la vifungo vya mama. Nimemjibu kwamba sizirudishi, ikae wazi hivyo hivyo.